Dorika Mtewele, Fundi Michoro wa Makambako (1987–2025)

Mchungaji wetu, wazee wetu, wafiwa wenzetu, na ninyi nyote mliotoka Matembwe, Kichiwa, Njombe mjini na hapahapa Makambako, tunawasalimu: kamwene. Maneno haya yameandikwa na familia na yanasomwa na Yudita, dada mkubwa wa marehemu. Yako pia kwenye ukurasa wa pili wa ratiba mliyopewa pale mlangoni, ila tunaomba msiyakimbilie kwa macho. Sikilizeni hadi mwisho, kwa sababu huko mwisho kuna jambo lililotakiwa kusemwa miaka tisa iliyopita, na leo halina pa kusogezwa tena.

Dorika Nahumu Mtewele alizaliwa Jumapili tarehe 3 Mei 1987 kijijini Matembwe, upande wa Lupembe, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Nahumu Mtewele na Mama Hilda. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka mzito mno, hata mkunga akaipita nyumba, akabisha hodi kwa jirani, na ikabidi arudishwe kwa kushikwa mkono. Mama Hilda anasema mtoto alipotoka alilia kidogo tu, kama wa kutimiza wajibu, kisha akanyamaza na kutazama dirishani kulikokuwa kweupe. Alitazama weee, mpaka mkunga akauliza, "Huyu anamtafuta nani?" Tabia hiyo haikumtoka. Ungemtuma maji kisimani, ungemkuta amesimama na ndoo tupu, anaangalia jinsi mlima unavyoonekana nusu na kupotea nusu.

Alisoma Shule ya Msingi Matembwe kuanzia mwaka 1995 hadi 2001. Miaka hiyo baba yake alikuwa na mashine ya kupasulia mbao, na Dorika alikuwa na makaa ya jikoni. Mbao zikiwa zimepangwa kusubiri lori, yeye anachora. Siku moja mnunuzi kutoka Makambako alipanda mwenyewe hadi Matembwe, akashika kiuno mbele ya rundo, akasema, "Mzee Nahumu, mbao zako nzuri sana. Ila hawa kuku nikawauze wapi?" Kila ubao ulikuwa na kuku: wengine wamelala, wengine wanakimbia, na mmoja alikuwa amevaa koti la mvua. Aliyechapwa siku hiyo ni Yudita, kwa kosa la kumwachia mdogo wake makaa. Yudita, anayesoma hapa, alishasamehe, lakini kusahau hajasahau.

Sekondari alimaliza mwaka 2005, na matokeo hayakuwa ya kujivunia. Hisabati ilimkataa, naye akaikataa, wakaachana bila ugomvi. Kwa miaka mitatu alichuma chai kwa kibarua. Wenzake walikuwa wakisikika wanaimba shambani, yeye alikuwa akisikika anacheka peke yake. Ukimuuliza unacheka nini, anakwambia ameona herufi M inayofanana na mtu aliyebeba kuni.

Mwezi Januari 2009 lilitolewa tangazo kanisani kwamba chuo cha wananchi kule Njombe kinapokea wanafunzi wa sanaa za michoro na uchapaji, miaka miwili, na mwenye matokeo mabaya asiogope. Dorika aliinua kichwa, na tangu hapo hakukishusha. Nyumbani Mzee Nahumu alisema neno ambalo wazazi wengi wangesema. "Kuchora? Hivi mtu mzima na akili zake anaenda chuoni kujifunza kuchora? Utakula nini, mwanangu?" Mama Hilda akajibu kutoka jikoni, "Mbona wewe ulikwenda Mufindi kujifunza kukata miti, na miti ilikuwa ikianguka yenyewe?"

Baba hakuridhika. Alimfuata mwalimu mkuu wa fani hiyo, Mwalimu Scolastika, hadi chuoni, na kofia yake mkononi, akamuuliza swali lilelile. Mwalimu hakukasirika. Alimpeleka dirishani akamwonyesha barabara. "Mzee wangu, hebu nitajie kitu kimoja kinachopita pale ambacho hakijaandikwa na mtu. Gunia la viazi lina jina. Lori lina jina. Boksi la parachichi, fulana ya kwaya, mlango wa duka. Mtu hazaliwi bila kadi, haolewi bila kadi, na hazikwi bila karatasi. Mkono wa mwanao hautakosa kazi." Baba akaomba chai. Sisi tunaomjua tulijua hapo ameshakubali.

Dorika alisema mara nyingi kwamba miaka ile miwili aliishi akiwa macho na akiota kwa pamoja. Muhula mzima wa kwanza waliandika herufi kwa mkono, kompyuta wakiiona kwa mbali tu. Kisha wakajifunza kuchanganya rangi, kuchapa fulana kwa fremu ya kitambaa chembamba, kupanga picha na maneno ili jicho lisijikwae. Bwenini aliota herufi zinashuka mlimani kwenye ukungu, zimevaa masweta, zinakwenda shule. Na huko ndiko alikoanza kutafuta rangi yake, rangi ya ukungu wa Matembwe. Alichanganya nyeupe na buluu na tone la nyeusi, akapata rangi ya uji. Akaongeza kijani, akapata rangi ya maji ya sufuria. Aliitafuta rangi hiyo miaka kumi na tano bila kuchoka, na bila kuipata.

Alihitimu Ijumaa tarehe 26 Novemba 2010. Mzee Nahumu alikuja, akamuuliza Mwalimu Scolastika kama mtoto ameiva. "Ameiva," mwalimu akasema, "ila ana haraka. Dorika, kazi haichapwi mpaka mteja mwenyewe aione." Maneno hayo Dorika aliyaandika kwa herufi nzuri na kuyabandika ukutani. Ubandikaji, ndugu zangu, ni jambo moja, na utekelezaji ni jambo jingine.

Mwaka 2011 alipanga chumba karibu na soko la Makambako, akaning'iniza kibao chake: DORIKA MICHORO. Wenzake kadhaa walikwenda Dar es Salaam. Yeye alisema huko wachoraji ni wengi kuliko kuta, na hapa njia panda kila siku kuna mtu anashuka na bidhaa isiyo na jina. Hakukosea. Alichora lebo za asali, maboksi ya parachichi, fulana za shule, vibao vya saluni, kadi za michango ya harusi. Pole pole watu wakagundua kwamba mkono wake una upole fulani, na upole huo unafaa zaidi siku za huzuni. Wakaanza kumletea ratiba za mazishi. Akawa yeye ndiye anayetuaga sote, mmoja mmoja, kwenye karatasi iliyokunjwa mara mbili.

Mwaka 2012 alikuja dukani dereva wa lori la mbao, Jacob Mligo, akitaka maneno ya kuandika mbele ya gari. Akaulizwa maneno gani. Hakuwa nayo. Alirudi kesho yake, hana maneno. Alirudi wiki iliyofuata, bado. Dorika akamwambia, "Kaka, lori lako litapita bubu mpaka lini?" Jacob akasema, "Mpaka utakapokubali." Lori lile halijaandikwa kitu hadi leo, lipo pale nje mnaliona. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 19 Oktoba 2013 katika Kanisa la Kilutheri hapa Makambako, wakajaliwa watoto wawili: Jane mwaka 2014 na Mika mwaka 2018.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo wengine walidhani familia italiruka. Hatuliruki. Dorika mwenyewe hakuwahi kuliruka.

Mwezi Juni 2016 alifariki Mzee Fidelis Mwinuka, mkulima wa Kichiwa, mkatoliki mwema. Mazishi yalipangwa Jumatano tarehe 22. Familia yake ilimtumia Dorika picha kwa simu, iliyopigwa siku ya jubilei ya ndoa ya marehemu: wanaume wawili wamesimama nje ya kanisa, Mzee Fidelis na kaka yake mkubwa, Mzee Kasimiri, wanafanana utadhani ni pacha. Chini ya picha waliandika: "Baba ni huyo mwenye koti la kijivu." Hawakukusudia kudanganya, waliandika kwa mazoea. Koti lile Kichiwa nzima walilijua kuwa la Fidelis, alikuwa nalo zaidi ya miaka ishirini. Lakini siku ile ya jubilei upepo ulikuwa mkali, ninyi mnaujua upepo wa huku, na Mzee Kasimiri alikuwa akitetemeka. Mdogo wake akavua koti, akamvika kaka yake mabegani, akapigwa picha na shati tu, ameuma meno. Ni upendo wa ndugu huo. Dorika hakuwa na njia ya kuujua.

Njia moja alikuwa nayo, nayo ilikuwa ukutani kwake: maneno ya mwalimu wake. Jumanne mchana alituma kazi Kichiwa waione, simu ya huko haikupatikana. Akasubiri saa moja. Karatasi zilitakiwa asubuhi. Akachapa nakala mia mbili.

Kesho yake Mzee Kasimiri, akiwa kiti cha mbele, alipewa ratiba ya mazishi ya mdogo wake, akavaa miwani, akajiona. Uso wake, msalaba juu, na chini tarehe ya kufa. Bibi mmoja nyuma yake akapiga ukelele. Wengine, Mungu awasamehe, wakacheka ndani ya vitambaa vyao. Mzee akasimama, akatoka nje, akamzika mdogo wake akiwa amesimama mbali, peke yake. Tangu siku hiyo Kichiwa walimwita Marehemu. Hata watoto: "Shikamoo, Marehemu." Naye akaitika marahaba, angefanyaje?

Siku ya tatu baada ya mazishi Dorika alikwenda Kichiwa na Jacob, na Mama Hilda, na kuku, kama desturi yetu inavyotaka kwa mwenye kuomba radhi. Alipiga magoti mlangoni. Mzee Kasimiri alipokea kuku, akaamuru apikwe, akala nao, akamuuliza Dorika habari za mtoto. Walipoaga akasema, "Kuku nimepokea. Msamaha bado. Uliniua mbele ya watu, binti, siwezi kukusamehe jikoni. Njoo mwakani."

Akaenda mwakani. Na mwaka uliofuata. Kila Juni, kuku mkononi. Walikula, walisimuliana, mzee akimweleza habari za Fidelis alivyokuwa mwoga wa nyuki, na Dorika akimwonyesha kazi zake mpya. Wakati wa kuaga ni lilelile: "Njoo mwakani." Jirani zake walimtania kwamba watu wa Kichiwa ndio pekee nchini wanaofuga kuku kwa kinyongo. Alicheka, lakini ukweli ni kwamba jambo hili lilimuuma sana. Alituambia, "Wote nimewaaga vizuri. Mmoja tu nimemuaga kabla ya wakati, na hajanijibu."

Kosa lile liligeuza kazi yake. Tangu hapo hakuna ratiba ya mazishi iliyotoka dukani mwake bila mzee wa ukoo kuja mwenyewe, kuweka kidole juu ya picha, na kutaja jina la marehemu kwa sauti. Walimwona msumbufu. "Mama Jane, tuna haraka, maiti inasubiri." Yeye akajibu, "Marehemu hana haraka, baba. Mwenye haraka ni wewe." Wakaweka kidole. Wengi walilia palepale dukani, kabla ya kanisa na kabla ya kaburi, na wakatoka wamepunguziwa mzigo.

Mwaka 2019 chuo chake kilimwita arudi kufundisha siku mbili kwa wiki. Alikwenda kwa basi alfajiri kwenye baridi, akifurahi kama msichana. Kila mwaka mzazi mmoja alikuja na kofia mkononi kuuliza mtoto wake atakula nini, naye alimpeleka dirishani. Lakini hakuwadanganya. Aliwaambia kazi ipo, haiji yenyewe. Kwamba kompyuta siku hizi inachora haraka kuliko mtu, ila haiwezi kwenda Kichiwa kuomba radhi. Amefundisha vijana arobaini na mmoja. Wapo wanaochora maboksi ya matunda, wapo wa vibao na fulana, wawili wanachora vitabu vya watoto, na Devota, aliyekuwa msaidizi wake, ndiye aliyetengeneza ratiba mliyoishika. Wengine waliacha, wanalima viazi. Nao aliwaheshimu. Akipita shamba lenye matuta yaliyonyooka alisema, "Huyo alikuwa wangu."

Mwezi Januari 2024 aligundulika na saratani ya titi. Alitibiwa hapa, kisha Dar es Salaam kuanzia Julai hadi Desemba, tukazunguka naye kwa zamu. Mwanga wa kule haukumpendeza, alisema rangi zinapiga kelele. Aliporudi nyumbani alikaa kibarazani, amejifunika, akisinzia mchana na kusimulia ndoto zake akiamka. Alikuwa, anasema, kwenye karakana isiyo na kuta, anachapa ukungu juu ya kitambaa, na kitambaa kinateremka mpaka Lupembe, na watu wanapita chini yake bila kulowa. Akishamaliza kusimulia anatazama vidole vyake kama vina rangi. Mika naye akaja kuvitazama. Siku moja mtoto akasema, "Mama, hiki kinayo." Dorika akakificha kidole hicho mfukoni siku nzima.

Jumamosi tarehe 21 Juni mwaka huu alimwomba Jacob ampeleke Kichiwa. Tulikataa, akatushinda. Alifunga kilemba vizuri, akavaa sweta mbili, akabeba kuku wa kumi. Walimkuta Mzee Kasimiri amelala juani kitini. Dorika hakumwamsha. Alikaa chini kando yake karibu saa nzima, akiangalia bonde. Mzee alipofumbua macho alisema, "Umekonda." Akajibu, "Ni kazi, babu." Wakala, wakaongea. Saa ya kuaga Dorika akamuuliza kwa mara ya kwanza, maana miaka yote hakuwa akiuliza, alikuwa akisubiri tu: "Babu, bado?" Mzee akasema, "Bado. Njoo mwakani."

Njiani Jacob alipiga usukani. "Ungemwambia unaumwa! Angekusamehe leo hii." Dorika akasema, "Msamaha wa kuonewa huruma siutaki. Nautaka ule wenyewe." Akalala mpaka Makambako.

Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, Jacob na Mama Hilda wakiwa naye. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Jacob, funga dirisha, karatasi zinaruka." Hakukuwa na karatasi. Jacob alifunga dirisha.

Jana mchana, watu wakiwa wamekaa chini ya turubai, alishuka mzee mmoja kwenye basi, peke yake, akitembea kwa fimbo, na kwapani ana kuku. Ni Mzee Kasimiri Mwinuka, miaka themanini na miwili. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Mzee Nahumu, na magoti yake yale yasiyokunjika, akayakunja.

Alisema hivi, na tumeyaandika kama alivyoyasema: "Nilimsamehe wiki ileile. Kabla kuku wake wa kwanza hajaiva, nilikuwa nimeshamsamehe. Fidelis ndiye aliyekuwa mtu wangu. Watoto wangu wako mbali, wana maisha yao. Nikajiambia, nikimwambia binti huyu nimekusamehe, atashukuru, ataondoka, na mwakani Juni nitakula na nani? Nikawa ninamshikilia. Mwaka baada ya mwaka. Nilijua mimi ndiye nitakayetangulia, na siku hiyo angeambiwa. Sikujua anaumwa. Aliniuliza bado, nami nikasema bado."

Mzee Nahumu alikuwa na haki ya kukasirika, na sisi wengine, tuseme ukweli, tulikasirika. Yudita alitoka nje ya turubai. Baba akanyoosha mikono, akapokea kuku. Akamwambia, "Mwanangu alisubiri neno la mbele ya watu. Basi ulitoe mbele ya watu."

Kwa hiyo, baada ya wasifu huu na kabla jeneza halijashushwa, mshereheshaji atauliza, kama ilivyo desturi, nani anamdai marehemu. Tunawaomba wote mkae. Atasimama mzee mmoja.

Dorika ameacha mume wake, Jacob Mligo. Watoto wake, Jane na Mika. Wazazi wake, Mzee Nahumu na Mama Hilda. Dada yake Yudita na ndugu zake watatu. Mwalimu Scolastika, aliyemfundisha. Na wanafunzi arobaini na mmoja. Ameacha pia babu mmoja wa Kichiwa, Mzee Kasimiri Mwinuka, ambaye ameomba aandikwe hapa, kwenye karatasi ya mazishi, miongoni mwa walio hai.

Dorika wetu apumzike kwa amani. Hadaiwi.